Dereva Aliyefukuzwa Uganda: Somo la Shekhar Mehta kwa Vijana wa Nakivale

Kaberebere ni mji mdogo wa wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, kando ya barabara ya lami itokayo Mbarara kwenda Kikagati kwenye mpaka wa Tanzania. Hupita hapo malori yaliyosheheni matoke, hupita magari ya abiria, na hupita vijana wa bodaboda wasio na idadi. Hapo pia ndipo wasafiri wengi huiacha lami na kushika njia ya udongo iendayo kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Njia hiyo ina vumbi jembamba wakati wa kiangazi na matope ya kunasa magurudumu wakati wa mvua, na anayeipita kila siku hujifunza kuendesha chombo kwa namna ambayo mtu wa mjini hawezi kuijua.

Mtu akisimama Kaberebere jioni moja tu, atawaona vijana wawili au watatu wenye kipaji cha dhahiri. Watakwepa mashimo bila kupunguza mwendo, watasikiliza sauti ya injini na kutambua ugonjwa wake kabla ya kufungua kitu chochote. Ndipo swali hili linapozuka: kijana mwenye kipaji hicho, aliyezaliwa Nakivale na wazazi wakimbizi, aweza kufika wapi?

Ndugu msomaji asidhani kwamba hili ni swali la mchezo tu. Uganda iliwahi kuulizwa swali la namna hiyo hiyo zamani, ikalijibu vibaya. Jibu hilo lilimpa jirani yake mmoja wa madereva mashuhuri kuliko wote waliopata kutoka Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo tuanze na historia, kisha turudi kwenye njia ya Nakivale.

ALIYEZALIWA UGANDA

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Alianza mashindano ya magari akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha gari aina ya BMW. Zama hizo mashindano makubwa ya Afrika ya Mashariki yalikuwa ni yale ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kumbukumbu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita katika nchi zetu tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa ya kikoloni kwa kuzaliwa, lakini wananchi wa nchi zote tatu waliyafanya kuwa yao. Pasaka ilipofika, watu walijipanga kando ya barabara usiku na mchana kungojea magari, na jina la mshindi lilijulikana hadi vijijini.

Mwaka 1971 Mehta alishika nafasi ya pili katika mashindano hayo, akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la aina hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 25. Nchi yoyote yenye busara ingelimtazama kijana wa namna hiyo kama hazina yake.

Lakini mwezi Agosti mwaka 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Wahenga wetu walisema akufukuzaye hakwambii toka. Safari hii msemo huo haukufaa, maana Amin aliwaambia watoke, kwa redio, na mbele ya dunia nzima. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka na mizigo waliyoweza kubeba. Maduka yalifungwa, viwanda vikasimama, karakana zikabaki na zana zisizo na mafundi. Familia ya Mehta nayo ililazimika kuondoka, na Shekhar akahamia Kenya.

MIEZI MICHACHE BAADAYE

Muda wa siku 90 ulikwisha mwezi Novemba 1972. Aprili iliyofuata, yaani 1973, Shekhar Mehta alishinda mashindano ya Safari. Mwaka huo ndio uliokuwa wa kwanza kwa Safari kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa mbio za aina hiyo, na ushindi wake haukuwa wa kawaida.

Katika Safari ya zamani dereva hakukimbizwa kwenye uwanja uliofungwa. Alikwenda kilometa zipatazo 5,000 katika barabara za wananchi, zenye ng'ombe, malori na makorongo, na kila alipochelewa kufika kituoni alihesabiwa dakika za adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Mwaka 1973, Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Kanuni ilisema kwamba wakilingana, mshindi awe yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta. Mwenda pole hajikwai, na dereva wa Safari alipaswa kuwa na moyo wa kasi na akili ya mwenda pole kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo ilipita miaka kadhaa bila ushindi mwingine. Halafu ukaja mwaka 1979, ambao kila mtu wa Mbarara mwenye umri mkubwa anaukumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Mwezi Februari majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliuteka mji wa Mbarara. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka na utawala wa Amin ukafikia mwisho wake. Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 15 Aprili, na katika siku hizo za Pasaka Shekhar Mehta alishinda mashindano ya Safari kwa mara ya pili. Yaani katika juma lile lile ambalo mfukuzaji alikuwa akikimbia, mfukuzwa alikuwa akipokea kombe Nairobi.

Hatupaswi kuligeuza jambo hilo kuwa hadithi ya miujiza. Lilikuwa sadfa ya kalenda. Lakini sadfa hiyo inatuonyesha hesabu waziwazi: upande mmoja nchi iliyomaliza miaka minane ikibomoa ilichokuwa nacho, na upande wa pili mtu mmoja wa nchi hiyo akijenga kwingine.

Mehta hakuishia hapo. Alishinda tena mwaka 1980, 1981 na 1982, akiwa na Mike Doughty kama msaidizi wake wa kusoma njia, na magari yao yakiwa ni Datsun. Ushindi wa miaka minne mfululizo, na jumla ya mitano, ulimweka katika daraja la peke yake kwa wakati ule. Ubingwa wa Afrika ulipoanzishwa mwaka 1981, yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya sana katika mashindano ya Mafarao nchini Misri, na ajali hiyo ikamaliza kazi yake ya usukani. Hata hivyo hakuuacha mchezo: aliingia katika uongozi, akawa mwenyekiti wa tume inayosimamia mbio hizo katika Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Alifariki London mwezi Aprili 2006.

Katika kumbukumbu zote za ushindi huo, bendera inayotajwa ni ya Kenya.

NI NINI KILICHOMWEZESHA?

Hapa msomaji mwenye jicho kali atauliza: Je, ni haki kumlinganisha mtoto wa wenye mashamba makubwa na mtoto wa mkimbizi wa Nakivale ambaye mama yake anapimiwa posho? Pingamizi hilo ni la kweli, wala halifai kukwepwa. Mehta hakuanza na mikono mitupu. Alikuwa na elimu, alikuwa na jamaa katika nchi nyingi, na alikuwa amekwisha kujulikana na kiwanda kikubwa cha magari cha Japani.

Lakini tazama ukweli huo kwa upande wake wa pili. Hata mtu mwenye vyote hivyo, asingelifika popote kama hakuwapo jirani wa kumfungulia mlango. Mbio za magari zinamfungamanisha mtu na nchi. Leseni ya mashindano hutolewa na chama cha taifa kinachotambuliwa na FIA, na ukienda nje hutajwa kwa bendera. Bila karatasi hakuna leseni, na bila leseni kipaji hubaki kuwa kelele za barabarani tu. Kenya ilimpa Mehta mahali pa kusimama. Mengine aliyafanya mwenyewe.

Kwa wale wanaotaka mfano wa asiyerithi mali, yuko Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho nchini Kenya. Yeye alitoka katika gereji. Alianza kama fundi wa magari, akaijua mashine kwa mikono kabla ya kuijua kwa mwendo, na mwaka 1965 akashinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant katika gari aina ya Volvo. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Safari iliyovunja magari ya matajiri wengi wa Ulaya ilimheshimu fundi aliyejua ni wapi springi itakatika na ni lini injini inaomba kupumzishwa.

Hivyo basi tunapata mambo mawili yanayomjenga dereva wa mashindano: karakana na karatasi. Fedha huja baada ya hayo, na aghalabu humfuata yule ambaye amekwisha kuyapata.

HALI YA UGANDA LEO

Uganda haikukosa madereva baada ya Amin. Mwaka 1999 Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika, na mpaka leo jina lake hutajwa kwa fahari. Mwaka 2011 Susan Muwonge alishinda ubingwa wa taifa, jambo lililowafumba midomo wale waliodhani kwamba usukani ni mali ya wanaume. Mji wa Mbarara, ambao ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, mara nyingi umeyapokea mashindano ya kufungua msimu wa taifa, na umati unaojitokeza katika mashamba na vilima vya Ankole si mdogo kuliko ule wa Pasaka za zamani.

Lakini tuseme kweli: mchezo huu umekuwa ghali mno. Gari la daraja la pili la kimataifa, jipya, linagharimu zaidi ya euro laki mbili kabla ya kununua tairi moja la akiba. Kwa sababu hiyo orodha ya washindani katika nchi zetu imejaa wafanyabiashara wanaojigharimia wenyewe. Kazi ya dereva, kwa maana ya mtu anayekula kwa usukani wake, ni adimu katika Afrika ya Mashariki yote. Kenya imejaribu kuvunja mzunguko huo. Mashindano ya Safari yaliporudishwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, vijana kadhaa walitafutiwa wadhamini. Mwaka 2022 mmoja wao, McRae Kimathi, alikwenda Sweden kushindana katika theluji kwenye daraja la vijana. Hakuwa tajiri aliyejinunulia gari. Palikuwa na mpango, na mpango huo ukamwona.

Sasa turudi Nakivale. Makazi haya ni miongoni mwa makongwe kabisa barani. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na tangu wakati huo yamepokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowaunganisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na kwa jambo hilo Uganda inastahili sifa, maana nchi nyingi tajiri hazijathubutu kufanya hivyo.

Hata hivyo, kuna mlango mmoja ambao bado ni mzito. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 12, haimpi mtoto wa mkimbizi haki ya kuandikishwa kuwa raia kwa sababu ya kuzaliwa nchini. Matokeo yake ni kwamba yupo kijana ambaye babu yake ndiye aliyeingia akiwa na mzigo kichwani, na yeye mwenyewe hajapata kuiona nchi nyingine, lakini katika daftari bado ni mkimbizi. Akitaka kulima, anaweza. Akitaka kufungua gereji Kaberebere, anaweza. Akitaka kusimama mstari wa mbele akiwa na bendera kifuani, hana bendera.

Michezo mingine imekwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, ilikuwapo kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi yenye wanamichezo kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya, waliofunzwa chini ya Tegla Loroupe. Watu hao walikuwepo Kakuma miaka mingi kabla ya hapo, na miguu yao ilikuwa ile ile. Walipata nafasi siku ile mtu alipoamua kwenda kuwatazama.

LA KUFANYA

Hatusemi kwamba kesho kijana wa Nakivale apewe gari la euro laki mbili. Hayo yangekuwa maneno ya kuwafurahisha watu tu. Tunasema mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo.

Kwanza, karakana. Kila gari la mashindano lina nyuma yake kundi la mafundi wanaobadili sanduku la gia kwa dakika chache gizani, mvua ikinyesha. Hiyo ni kazi ya mshahara, na mlango wake ni ufundi, wala si utajiri. Vyuo vya ufundi vya Mbarara na Isingiro, na mashirika yanayofanya kazi Nakivale, yakifundisha umekanika wa kweli, yatatoa mafundi wa malori ya matoke leo na mafundi wa mashindano kesho. Joginder alipita mlango huo huo.

Pili, leseni. Vilabu vya magari pamoja na shirikisho la Uganda vinaweza kuweka utaratibu ulio wazi wa kumwandikisha kijana mwenye hati ya ukimbizi katika mashindano ya ndani, kwanza ya pikipiki, ambayo gharama yake ni ndogo, au kama msaidizi wa kusoma njia. Wasaidizi hao huhitaji akili tulivu, lugha na hesabu, wala hawahitaji kumiliki gari. Na kijana aliyekulia Nakivale huwa na lugha nne kabla ya kubalehe.

Tatu, nidhamu. Barabara ya Kaberebere si uwanja wa mashindano. Kila juma hospitali za Mbarara hupokea vijana waliodhani kwamba ushujaa ni kumpita lori kwenye kona. Anayependa mwendo atafutiwe mahali na wakati wa mwendo, penye kofia ngumu na daktari, na kwingineko asimamiwe na sheria bila huruma. Mehta alishinda mwaka 1973 kwa kwenda mbali bila adhabu, na somo hilo ndilo ambalo bodaboda wetu wanalihitaji kuliko la kasi.

Juu ya hayo matatu liko suala la uraia, ambalo si la vilabu bali ni la Bunge na la wananchi wenyewe. Mwandishi wa makala haya hadai kwamba ni jepesi. Ardhi ya Isingiro si kubwa, wenyeji wana madai yao ya haki, na nchi inayopokea watu zaidi ya milioni moja na nusu haiwezi kuamuliwa na mtu wa mbali. Lakini suala lisilozungumzwa haliondoki, nalo lazima lizungumzwe, tena mapema, kabla kizazi cha nne hakijazaliwa katika daftari lile lile.

Mwaka 1972 Uganda iliambiwa kwamba ikiwatoa wageni, wenyeji watapona. Waliotolewa wengi wao hawakuwa wageni, na wenyeji hawakupona: walibaki na maduka matupu na vita. Kinyume chake, jirani aliyefungua mlango alipata makombe matano na jina lililokwenda dunia nzima. Methali yetu ya pwani inasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huitumia methali hiyo wanapokaribisha chakula, lakini kwa habari ya Shekhar Mehta ni hesabu iliyokwisha kufanywa na jibu lake linajulikana.

Jioni ikiingia Kaberebere, vumbi la njia ya Nakivale hutulia na taa za pikipiki huonekana zikishuka moja moja kuelekea barabara kuu. Nyuma ya moja ya taa hizo huenda yuko dereva ambaye siku moja atashinda mbele ya dunia. Itakapofika siku hiyo, bendera atakayoibeba itategemea uamuzi unaofanywa sasa.